Huduma ya kusomewa imeili kwa simu: wanachaji kwa dakika, halafu mashine haijui hata Same ni wapi

Wakuu habari za jioni, leo sina nguvu ya salamu ndefu. Mimi kazi yangu klaring, kuwatolea watu mizigo bandarini, siku nzima niko barabarani kati ya bandarini, Kurasini na kwa wateja, mkono kwenye usukani na simu inaita. Miezi minne nyuma nikauziwa hii huduma, unapiga namba, unaingiza PIN, mashine inakusomea imeili zako kwa sauti, 1 isome, 2 iruke, 3 ifute. Nikaona hii ndo dawa yangu, hata bando likikata imeili napata maana ni simu ya kawaida tu. Nikalipia bila kujaribu kwanza, hilo kosa langu nalikiri mapema kabla hamjanirukia.

Sasa sikilizeni. Ile mashine inasoma kila kitu kwa ulimi wa Kizungu. Nina mteja wa Same, Kilimanjaro huko, ananiandikia "bosi mzigo wa Same umefikia wapi", mashine inasoma "mzigo wa seim". Mara ya kwanza nikadhani wamenitumia mzigo uleule mara mbili! Mtu akiandika "pole" inasoma "poulu". Ndugu inakuwa "en dugu". Mwingine anasafirisha ngozi za ng'ombe, hapo ndo utacheka ukiwa unalia, inasema eni ji, apostrofi, ombi. Ngozi za apostrofi ombi aisee.

Na kinachoniuma ni kwamba Kiswahili ni lugha rahisi kabisa kusomewa na mashine, irabu tano tu, kinaandikwa kinavyotamkwa, mkazo karibu kila neno unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, unataka nini tena? Jirani yangu haoni, anatumia NVDA kwenye kompyuta yake, programu ya bure ya kumsomea mtu kwa sauti yaliyo kwenye skrini, iliyoanzishwa 2006 na jamaa wawili wa Australia ambao nao hawaoni. Ndani yake kuna sauti ya eSpeak, ya bure pia, na Kiswahili kimo. Sauti yenyewe kama roboti lenye mafua sikatai, lakini ukiiandikia Same inasema Same. Ya bure hiyo! Hawa wanaonichaji kila dakika wameshindwa nini?

Haya ya matamshi ningevumilia, tatizo namba. Mnaojua kontena mnajua, herufi nne halafu tarakimu saba, ile ya mwisho imechorewa kiboksi, ni ya kuhakiki hizo nyingine. Mtu yeyote mwenye akili anakusomea mojamoja. Hii mashine ikaona tarakimu saba ikajua ni hela, ikaanza "foo milioni..." kwa Kiingereza mpaka mwisho ikasema sikstini, mimi niko foleni ya Tazara honi zinapigwa huku na huku nikasikia siksti, nikaandika kiganjani 060 badala ya 016. Jamani kwenye simu sikstini na siksti nani anatofautisha? Kwa Kiswahili kumi na sita na sitini hata mlevi hachanganyi. Dereva wangu kazunguka yadi ya ICD, ile bandari kavu, mpaka jua limezama anatafuta kontena ambalo halipo duniani, kesho yake siku za bure za kuhifadhiwa kontena zimeisha, storeji imeanza kuhesabu, na mteja hataki kusikia habari za mashine. Nimelipa mfukoni kwangu.

Herufi nazo hivyohivyo. Laini ya simu ya kawaida inapitisha sauti kuanzia kama hezi 300 mpaka 3400 hivi, ule mlio wa S sehemu kubwa uko juu ya hapo, kwahiyo S na F kwenye simu ni mapacha. Ndo maana sisi kitaa tunasema S ya Simba, F ya Fisi, makarani wote wa bandarini wanajua. Walioitengeneza hawajawahi kupiga simu kumtajia mtu namba ya gari?

Halafu dakika. Kuna imeili moja ya kampuni ya meli imejibiwa na watu tisa, jibu la mwisho ni neno moja tu, "Noted". Mashine ikasoma Noted, ikashuka chini kusoma zote tisa, na kila moja na lile tangazo lake refu, ujumbe huu ni siri, kama si wako futa, fikiria mazingira kabla hujaprinti. Nimekaa kwenye jua la saa nane nasomewa kuhusu kutunza miti kwa salio langu! Ikikuta linki ndo inaitaja herufi kwa herufi, echi titi pi esi koloni slashi slashi. Nikataka kuruka, gari likaingia shimo, kidole kikaenda 3. Imefuta. Haijauliza una uhakika wala nini. Nani aliweka futa jirani na ruka?

Ya aibu zaidi naisema kwa kifupi. Nimempa mteja lifti, simu iko spika, mashine ikaanza kusoma invoisi ya mteja mwingine mzigo kama wake, na bei, kwa sauti kubwa, na hapo kwenye bei ndo siku hiyo ilitamka vizuri. Wa pale kwenye siti alikuwa analipa zaidi. Msiniulize tuliishiaje. (Ndiyo, na mimi nina makosa yangu.)

Nimewaandikia malalamiko jana, leo wamejibu, na kwa vile nilikuwa getini nikaisikilizia hukohuko. "En dugu mteja, tumepokea lalamiko lako, namba yako ya kumbukumbu ni..." milioni mia tisa na kitu, mwisho sikstini, au siksti, sijui.

Kama kuna aliyewahi kujitoa aniambie anabonyeza ngapi, maana menyu nimeisikiliza mpaka 9 na kurudi, kwa dakika zangu, kujitoa haimo.