STI ya Kinondoni au 86 ya Mikocheni?

Kikundi cha ukoo

IJUMAA USIKU

Hamisi: Assalaam alaykum wana ukoo. Shikamooni wakubwa wote. Naomba ushauri wenu kabla sijatoa hela. Mnajua nimekuwa nikiweka akiba ya gari ya spoti, na Baba ameniongezea. Nimebakiwa na mbili, kila moja yadi yake. Ya kwanza iko Kinondoni: Subaru Impreza WRX STI ya 2008, bluu, manyuali, kilomita 96,000, imeshatumika hapa nchini. Wanataka milioni 36. Ya pili iko Mikocheni: Toyota 86 GT ya 2013, nyekundu, manyuali pia, kilomita 71,000, imeshuka bandarini juzijuzi na haijapata namba. Milioni 39, wanasema humo ndani kuna ushuru na usajili.

Shabani: STI kaka, unauliza nini tena! Farasi 308 dhidi ya 200. Magurudumu yote manne yanavuta, breki za Brembo kutoka kiwandani. Hiyo 86 mlima wa kwanza tu utaanza kuikanyaga mpaka huruma.

Shangazi Mwajuma: Waalaykum salaam, marahaba mwanangu. Hizo gari zina milango mingapi? Bibi yenu anatakiwa hospitali kila mwezi, na wewe ndiye uliyesema utakuwa unampeleka.

Hamisi: STI ina mitano Shangazi, ukihesabu na wa buti. 86 ina miwili, viti vya nyuma vipo lakini vidogo. Bibi atakaa mbele.

Shangazi Mwajuma: Na magoti yake yale? Hiyo ya milango miwili iko chini sana, mtu anaingia kama anakaa kwenye mkeka. Fikiria hilo kabla ya hizo farasi za Shabani.

Rehema: Hamisi, mimi nitazungumzia bima maana ndiyo kazi yangu. Usije ukachukua bima ndogo kwa gari ya bei hiyo. Bima kubwa piga asilimia 3.5 ya thamani, halafu ongeza VAT. Kwa milioni 39 ni 1,365,000 kabla ya VAT. Na uulize bei ya tairi. STI inavaa 245/40 rimu 18, 86 inavaa 215/45 rimu 17. Ukienda dukani utaona tofauti, na tairi nne hazikusubiri mshahara.

Mjomba Rajabu: Hamisi. Kabla hatujabishana farasi, nijibu mambo mawili. Karatasi ya mnada ya Japani ipo kwa kila gari? Na umeshawahi kuiwasha yoyote ikiwa imelala usiku kucha, injini ya baridi kabisa?

Hamisi: Shikamoo Mjomba. Karatasi ya 86 wamenitumia bila hata kuomba mara ya pili, naiweka hapa chini. Ya STI wanasema ilipotea kwa mmiliki wa kwanza. Zote nimeziwasha mchana, zilikuwa zimeshakuwa na joto.

Hamisi: [picha]

Mjomba Rajabu: Marahaba. Nimeikuza picha. Soma pamoja nami. H25 pale juu ni mwaka wa kifalme wa Japani, Heisei 25, yaani 2013. Mwaka umekubali. Daraja ni 4, ndani ni B. Ile ramani ya gari upande wa kulia ndiyo ya kutazama sana. A1 ni mkwaruzo mdogo, U1 ni kibonyeo kidogo, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupigwa rangi, XX ni kipande kilichobadilishwa. Hapa naona A1 tatu na U1 moja kwenye mlango wa kulia. Hakuna W, hakuna XX. Kama ingekuwa na R pale penye daraja, ungejua iligongwa ikatengenezwa. Sasa linganisha namba ya chesisi ya kwenye karatasi na ile iliyogongwa kwenye gari yenyewe. Lazima ianze na ZN6. Usiangalie stika tu.

Shabani: Lakini Mjomba, wewe fundi wa Subaru miaka yote hii Moshi, unamwacha mtoto anunue Toyota?

Mjomba Rajabu: Hiyo Toyota injini yake ni Subaru, Shabani. Boksa, yaani pistoni zimelala pembeni, jina lake FA20, na gari nzima inaunganishwa kiwanda cha Subaru kule Gunma. Toyota ameweka mfumo wake wa kupuliza mafuta. Kwa hiyo mkono wangu unaifahamu.

Mjomba Rajabu: Na nisieleweke vibaya. Ukiniambia nichague kati ya STI nzima na 86 nzima, mimi nachukua STI bila kufikiri. Ile injini ya lita 2.0, EJ207, ni ngumu. Watu husikia Subaru zinakula gasketi wakadhani ni zote, wakati kesi nyingi za gasketi ni za lita 2.5. Lakini STI nzuri na STI hii ni vitu viwili. Gari ya turbo ya 2008 iliyopita mikono ya vijana wa mjini, karatasi imepotea, kilomita 96,000... mkanda wa taimingi unabadilishwa kwenye 100,000. Ukiinunua leo, mkanda na pampu ya maji vinakusubiri mlangoni. 86 yenyewe inatumia cheni.

Baba Hamisi: Nimewasoma wote. Mimi Impreza naipenda tangu dereva McRae aliposhinda nayo Safari Rally mwaka 1997, na mwenzake Burns akarudia mwaka 2000. Moyo wangu uko kwenye ile bluu, sifichi. Ila hela niliyokuongezea ni ya shamba, Hamisi. Msikilize mjomba wako. Kesho nenda na fundi, usiende na Shabani.

Shabani: Baba mkubwa 😅 nitakaa nyuma, sitasema kitu.

Mjomba Rajabu: Nitampigia kijana wangu niliyemfundisha, yuko Ilala. Ana kipima mgandamizo wa hewa ndani ya silinda na mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Waambie yadi zote mbili leo usiku hivi: nakuja saa 1 asubuhi, naomba gari isiwashwe kabla sijafika. Sikiliza watakavyojibu.

JUMAMOSI

Hamisi: Tumeanza Kinondoni. Tumefika saa 1 na dakika 10. Fundi ameweka mkono kwenye boneti, ya moto. Wanasema walikuwa wanaisogeza ili waoshe uwanja.

Mjomba Rajabu: Endelea kuangalia ila hilo liandike. Moshi wa injini ya baridi ndio unaosema ukweli kuhusu turbo na ringi. Wa bluu ni oili inaungua, mweusi ni mafuta mengi kupita kiasi, mweupe usiokatika ni maji yanaingia ndani.

Hamisi: [picha] Bolti za fenda ya kulia. Rangi imekatika kwenye kona za vichwa vya bolti zote mbili. Upande wa kushoto bolti ziko safi kabisa, rangi ya kiwandani.

Mjomba Rajabu: Fenda imeshafunguliwa. Haimaanishi ajali kubwa, lakini imefunguliwa. Sasa mwambie kijana alale chini aangalie ncha ya chesisi mbele, nyuma ya bampa, kulia. Pale ndipo penye jibu.

Hamisi: Fundi anasema kuna mahali pamechomelewa na kupakwa rangi nyeusi nzito. Anasema kiwandani hakuna weldi ya namna ile.

Hamisi: Ekzosi si ya kiwanda, na kuna geji ya turbo imebandikwa karibu na usukani. Nimeuliza kama kompyuta imechezewa, muuzaji anasema hajui, yeye ameipokea hivyo.

Mjomba Rajabu: Basi imechezewa. Japani hizi gari wanaziwekea petroli ya oktani karibu 100. Sisi vituoni hatuna hiyo. Mtu akishaongeza presha ya turbo juu ya mafuta yetu haya, pistoni ndiyo inayolipa. Omba mgandamizo upimwe.

Hamisi: Wamekataa. Wanasema plagi hazifunguliwi mpaka nilipe amana ya milioni 5, na amana hairudi.

Rehema: Toka hapo.

Baba Hamisi: Toka hapo Hamisi.

Shangazi Mwajuma: Amana hairudi! Hao wanakuuzia mbuzi kwenye gunia halafu wanakutoza na gunia. Ondoka mwanangu.

Shabani: Mimi niko hapa jamani. Inauma kwa sababu ikiwashwa ile sauti... lakini weldi nimeiona kwa macho yangu. Tunaondoka.

Hamisi: Tupo Mikocheni. Boneti ya baridi, hata umande upo kwenye kioo. Imewaka mara moja. Moshi hakuna. Kuna sauti ya tiki-tiki mbele, juu ya injini, kama chiriku.

Mjomba Rajabu: Hiyo ni pampu ya mafuta ya presha kubwa, 86 nyingi zinalia hivyo, isikutishe. Sasa mimi wasiwasi wangu ni mwingine. Mwaka 2018 Subaru na Toyota waliziita gari za 2012 na 2013 zirudi kwa sababu ya springi za valvu, zilikuwa zinaweza kukatika. Springi ikikatika gari inaweza kuzimika ukiwa barabarani. Kazi yenyewe ni kutoa injini nje, si ya nusu saa. Yako ni 2013, kwa hiyo inaweza kuwa imo. Ingia tovuti ya Toyota Japani, sehemu ya kurudisha magari, uandike namba ya chesisi.

Hamisi: Nimeingia, simu imenitafsiria. Gari imo kwenye orodha, na inaonyesha kazi imeshafanyika.

Mjomba Rajabu: Vizuri sana. Sasa kwa kuwa injini ilishatolewa, kijana aangalie kifuniko cha mbele cha cheni na pande zote za injini kama kuna oili inavuja au silikoni imejaa kupita kiasi. Halafu apime mgandamizo.

Hamisi: Hawa wamekubali, ila wamesema plagi zikifunguliwa na kuharibika ni juu yetu. Fundi anasema ni haki yao.

Mjomba Rajabu: Ni haki yao kabisa. Na plagi za boksa zimekaa pembeni, mkono unapita kwa shida. Msimharakishe.

Hamisi: Mgandamizo wa silinda zote nne umeangukia kati ya psi 180 na 190. Hakuna kinachovuja. Mashine haijasoma kosa lolote. Namba ya chesisi imelingana na karatasi.

Mjomba Rajabu: Alhamdulillah. Tairi?

Hamisi: Zina kashata nzuri, mikato bado mirefu, lakini namba zake ni 1115.

Mjomba Rajabu: Wiki ya 11 ya mwaka 2015. Hizo ni za kutupa hata kama zina kashata, mpira umeshakufa. Hapo ndipo pa kukata bei. Usiwaambie gari mbovu, sema tairi nne ni zangu, mnanipunguzia kiasi gani.

Shangazi Mwajuma: Na Bibi? Hamjanijibu.

Hamisi: Shangazi, nimemuomba mama mmoja wa makamo pale yadi aingie na kutoka mbele. Ameingia vizuri, kutoka ameshika mlango. Mlango ni mrefu, ukiegesha karibu na ukuta haufunguki wote. Nitakuwa namshushia penye nafasi.

Shangazi Mwajuma: Siku za hospitali utachukua Noah ya baba yako. Magoti ya Bibi si ya kufanyia majaribio.

Baba Hamisi: Noah ipo. Hilo limekwisha.

Shabani: Na matuta? Hii kitu iko sentimita 13 tu kutoka chini. Tuta la pale kona ya kwenu litaikwangua.

Hamisi: Tuta lile nitalipita kwa mshazari, tairi moja moja. Springi za kuishusha zaidi sitaweka, Mjomba ameshanikataza tangu mwaka jana.

Mjomba Rajabu: Na ninarudia kukataza. Iache kama ilivyotoka kiwandani. Mafuta pia, hiyo injini mgandamizo wake ni 12.5 kwa 1, nunua petroli bora kuliko zote utakayoipata na usiivute sana ikiwa na mzigo au joto likiwa kali. Oili kila kilomita 5,000, sijali kitabu kinasema nini.

JUMAPILI

Hamisi: Wameshuka hadi milioni 37 na nusu kwa sababu ya tairi. Wanataka nilipe kesho.

Rehema: Subiri. Gari ya zaidi ya miaka 10 ina ushuru wa ziada wa uchakavu. "Pamoja na ushuru" ni maneno tu mpaka uone risiti za TRA zenye namba ile ile ya chesisi. Na usajili utoke kwa jina lako moja kwa moja, usikubali iandikwe kwanza jina la yadi halafu uhamishe, utalipia mara ya pili.

Baba Hamisi: Mkataba uandikwe mbele ya wakili. Hela iingie akaunti ya kampuni yao. Dalali asishike hata shilingi.

Hamisi: Risiti wamenionyesha leo, nimepiga picha, nawatumia Rehema na Baba pembeni. Benki kesho saa 4, wakili saa 5.

Shabani: Kaka, kweli huumii kuiacha bluu?

Hamisi: Naumia. Jana usiku nimeangalia picha zake tena. Lakini ile weldi nikifumba macho naiona.

Mjomba Rajabu: Tafuta nyingine baada ya miaka mitatu, yenye karatasi yake, nami nitashuka Dar kuikagua mwenyewe. Kesho ukimaliza kwa wakili, usiende matembezini. Pitia kwa kijana Ilala, abadilishe oili na filta, oili ya giaboksi na ya difu, na maji ya breki. Tairi funga kesho hiyo hiyo.

Rehema: Na cheti cha bima nitakuwa nacho saa 6. Usiitoe yadi kabla sijakutumia.

Hamisi: Sawa dada. Sawa Mjomba. Baba, utakuja tuichukue pamoja?

Baba Hamisi: Saa 4 nitakuwa mlangoni benki.