Picha za treni: S21 Ultra, Canon 700D ya mtumba au SX60? Muuzaji ananishikia hadi Jumamosi

Tairi Bovu
Wakuu habari za jioni. Nataka sasa nianze kupiga picha za treni kwa uzito, siyo zile za kubahatisha. Kuna jamaa Kariakoo ana vitu vitatu na bei zake hazipishani sana: simu ya Samsung S21 Ultra, kamera ya Canon 700D ya mtumba na lenzi zake mbili (18-55 na 55-250), na Canon SX60, ile yenye zumu ya mara 65. Nichukue kipi? Na walinzi je, wanasumbua?

Garatt59
Bajeti? Uko mkoa gani? Treni ipi, Mchongoko (ile ya umeme ya SGR, reli mpya), TAZARA ya kwenda Zambia au ile ya zamani ya reli ya kati? Unapigia jukwaani au nje ya uzio? Za kusafisha ukutani au za kutupia status? Hujasema lolote halafu unataka jibu kabla ya Jumamosi.

mama Nasra
700D. Tufunge uzi tukalale.

Pugu Road
Taratibu dada, tumweleze kwa nini.

Mchongoko ukiwa kwenye kilomita 160 kwa saa unakata meta 44 kwa sekunde. Ukiweka shata 1/500 ya sekunde, treni imeshasogea karibu sentimita 9 picha haijafungwa, ndiyo maana maandishi ya ubavuni hayasomeki. Anzia 1/1000 kwenda juu. Simu mchana inafika huko bila shida, tatizo lake ni lingine: inasoma picha mstari kwa mstari, kwa hiyo treni ikipita karibu yako milango na madirisha yanatoka yamelala upande. Kwenye 700D hilo halionekani sana, na inapiga picha tano kwa sekunde, inatosha kupata pua ya treni ilipo pazuri.

SX60 kihisi chake ni kidogo. Asubuhi na jioni ya mapema sawa, giza likianza kuingia ni chengachenga tupu. Na hiyo zumu ya 65 isikutie tamaa. Saa saba mchana ukivuta mpaka mwisho unapiga joto linalocheza juu ya reli, treni yenyewe huioni.

Tairi Bovu
Samahani wakuu. Nipo Dar, mfukoni nina laki tisa. Napenda zaidi treni ikiwa inatembea.

Garatt59
Bado hujasema jukwaani au nje. Hilo ndilo swali lenyewe.

Bwana Behewa
Kabla hamjamuuzia mtu lenzi ndefu, ngoja niwape yangu.

Stesheni ya mkoani, sitaitaja. Tiketi ninayo, nimekaa kwenye benchi, lenzi ya 70-300 mapajani. Treni inaingia, nikanyanyuka nikapiga kama abiria wenzangu walivyokuwa wanapiga. Mlinzi akaja moja kwa moja kwangu. Swali la kwanza: "Unatoka chombo gani?" Nikamwambia sina chombo, napenda treni tu. Hilo jibu ndilo lililoniponza. Ungesema wewe ni mwandishi angalau angejua akuweke kundi gani. Mtu mzima anayependa treni, hakuna aliyekuwa amejiandaa kumsikia.

Nikapelekwa kwenye chumba kidogo. Wakataka kuona picha zote, moja moja. Wakaona kichwa cha treni, behewa, behewa, taa ya ishara, behewa. Mmoja akauliza kwa nini nimepiga "makutano ya reli", nani amenituma. Mkubwa wao alikuwa mstaarabu, hata kiti alinipa, lakini akasema zifutwe. Sasa, hawakujua kufuta. Nikawaelekeza mimi mwenyewe, kijana mmoja akaona kwenye menyu kitu kinachofuta vyote kwa mkupuo akabonyeza. Humo zilikuwemo picha za posa ya dada yangu. Treni nayo ikaondoka, nimesimama na tiketi mkononi.

Kinachoniuma mpaka leo: pembeni ya lile benchi kulikuwa na kijana anarekodi video ya TikTok kwa simu, kaingiza stesheni nzima, walinzi wote, mpaka mlango wa kile chumba. Hakuna aliyemgusa.

mama Nasra
Duh. Basi nabadilisha. Simu.

Pugu Road
Pole sana. Ila kwa faida ya wengine: kadi ikifutwa hivyo, itoe na usipige tena hata picha moja. Programu za kurejesha picha zinaokoa nyingi kama hujaandika kitu kingine juu yake. Za posa huenda zingerudi.

Bwana Behewa
Nilishapigia harusi kwenye kadi ileile mkuu. Acha tu.

Kichwa Mchongoko
Mnatia watu woga. Treni ilipoanza kwenda Morogoro Juni 2024 nchi nzima ilipiga selfie mle ndani, nani alikamatwa? Kama hakuna bango la kukataza, piga. Mlinzi akuonyeshe kifungu.

Garatt59
Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 inagusa picha za maeneo yanayolindwa, na aliyesimama mlangoni ndiye anayeamua kwanza eneo lipi ni lipi. Kifungu mtasomeana baadaye, treni imeshaondoka. Nenda kwa mkuu wa stesheni kabla, si baada. Jieleze, onyesha picha zako za nyuma kwenye simu, andika barua ukiambiwa uandike, na tembea na nakala yake. Inachosha lakini ndivyo ilivyo. Selfie na lenzi ya 250 hazitazamwi kwa jicho moja.

Kunguru wa Makadara
Salamu kutoka Nairobi. Huku pia ni hivyo hivyo. Pale kituo cha Syokimau mizigo inanuswa na mbwa na kupitishwa kwenye mashine hata hujafika ndani, kwa hivyo kamera yako wanaijua mapema. Ukitaka amani, lipa kiingilio cha Makumbusho ya Reli upige hadi uchoke, lile garimoshi la mvuke 5918 Mount Gelai liko pale limetulia. Na ukitaka treni inayotembea, ingia mbuga ya Nairobi. Daraja la SGR limekatiza ndani kabisa, twiga chini, treni juu. Mbugani kila mtu ana lenzi ndefu, hakuna wa kukuuliza.

mama Nasra
Hizo dizeli zenu nazo ni za kupigwa picha? Sisi tuna umeme.

Kunguru wa Makadara
Umeme ndio unawaharibia picha, dada. Kila picha ya Dar nguzo imepita katikati ya pua. Halafu tuna zile DMU, treni za dizeli zinazojiendesha bila kichwa cha kuvuta, zilizotoka Mallorca 2020, hizo hamna.

Kichwa Mchongoko
Mitumba ya Hispania unaitamba nayo mbele za watu?

Manchester Baridi
Mount Gelai ilitengenezwa huku niliko, Gorton, kiwanda cha Beyer Peacock. Kiwanda kimekufa zamani.

Huku Uingereza wazee wa treni wanasimama mwisho wa jukwaa na madaftari yao, mtu hageuki. Network Rail, wenye reli, wameandika: ruksa, ila hakuna flashi, na usivuke mstari wa njano. Lakini msidhani ilikuwa hivi siku zote. Kifungu cha 44 cha sheria yao ya ugaidi ya mwaka 2000 kiliwapa polisi ruhusa ya kumpekua mtu bila kumshuku kwa lolote, na wapiga picha walipata tabu nacho. Kilianza kuondoka baada ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya kukikataa mwaka 2010.

Tairi Bovu
Na nikitumia drone?

Pugu Road
Drone bila kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, juu ya nyaya za kilovolti 25? Usituletee polisi humu ndani.

Garatt59
Ushauri wangu: panda TAZARA. Dirisha linafunguka, unapiga treni yako mwenyewe ikikata kona, na kati ya Mlimba na Makambako kuna mahandaki na madaraja ya kutosha. Lenzi ya 18-55 inatosha kabisa. Ya SGR dirisha halifunguki, unapigana na kivuli chako kwenye kioo. Vaa nguo nyeusi, bandika lenzi kwenye kioo.

Mtani wa Kigoma
Mmesahau mwisho wa reli. Njooni Kigoma mpige MV Liemba.

Kichwa Mchongoko
Hiyo ni meli. Fungua uzi wako.

Mtani wa Kigoma
Meli iliyoletwa na treni. Wajerumani waliiunda Papenburg mwaka 1913, wakaibomoa, ikapakiwa vipandevipande kwenye reli ya kati kutoka Dar mpaka kwetu. Iingie kwenye uzi.

Garatt59
Inaingia.

Kichwa Mchongoko
Haiingii. Kwa hesabu hiyo na kontena za Kariakoo ni treni.

Tairi Bovu
Wakuu, jamaa amepiga simu, kuna mtu mwingine anaitaka hiyo 700D. Lenzi ya 55-250 kumbe ina fangasi kidogo kwenye kioo cha ndani. Hiyo ni shida?

mama Nasra
Kidogo kiasi gani? Weka picha.