Mrejesho: minivan yenye giaboksi mbovu imeuzwa

Niliuliza kama nitengeneze kwanza minivan yetu kuukuu, ambayo giaboksi yake ya otomatiki inateleza, au niiuze ilivyo. Nimeiuza ilivyo.

Fundi alichomoa stiki ya oili ya giaboksi, akaifuta kwenye kitambaa cheupe: oili nyeusi, inanuka kuungua. Akasema kumwaga oili peke yake hakutasaidia, klachi za ndani zimekwisha. Gharama ya kuifungua ilikaribia thamani ya gari lenyewe, na mnunuzi wa gari la umri ule hakurudishii pesa hiyo. Hapo nikaamua.

Kwenye tangazo niliandika ubovu wote waziwazi. Wengi wakakimbia, madalali wakatoa bei za kukera kabisa. Aliyeichukua ni fundi mwenye gari kama hilo lililokufa injini, na injini yangu ni nzima. Aliiwasha ikiwa baridi, akainama kusikiliza, akaangalia moshi, tukaelewana bei bila kuvutana sana. Tumeandikishana kwamba ameinunua akijua hali yake, na umiliki tukahamisha siku hiyohiyo.

Mwenye gari la namna hii aanze na mafundi, si madalali. Asanteni sana mlionizuia nisiitengeneze.