Probox bampa zimepauka, taa za njano, rimu zina kutu: nianzie wapi na laki mbili?

kona_ya_raskazone

Habari wakuu. Gari ni Probox nyeupe, inalala nje hapa Tanga, jua lake, chumvi ya bahari yake. Injini haina neno, sura ndiyo imechoka. Bampa nyeusi zimekuwa za kijivu, taa za mbele zimekuwa njano na usiku mwanga haufiki mbali, rimu za chuma zina kutu kwenye matundu, na milango bado ina stika za kampuni ya huko Japani ilikotoka. Bajeti ni laki mbili na wikiendi mbili za kufanya mwenyewe. Nianzie wapi? Na habari ya kusugua taa kwa dawa ya meno ina ukweli?

msasa_maji

Anza na taa mkuu. Ndizo zinazoonekana kwanza, na ni suala la usalama pia.

Kabla hujanunua kitu, mwagia taa maji na uitazame ikiwa imelowa. Ikionekana safi kama kioo wakati maji yako juu yake, ubovu uko nje na msasa utautoa. Ikibaki na ukungu hata ikiwa imelowa, uchafu uko ndani, na hapo kusugua nje ni kupoteza nguvu.

Lenzi hizo ni plastiki ya polikaboneti. Kiwandani hupakwa tabaka gumu la kuzuia mionzi ya jua, na tabaka hilo ndilo linalogeuka njano na kuanza kubanduka. Dawa ya meno ni msasa laini tu: inang'arisha juu, halafu unaiacha plastiki uchi bila kinga, kwa hiyo ukungu unarudi baada ya muda mfupi. Dawa ya mbu ya kujipaka ni mbaya zaidi. Ile yenye DEET, kemikali ya kufukuza mbu, inayeyusha uso wa plastiki. Utaona taa imeng'aa palepale na utashangilia, kumbe umeiharibu.

Nunua msasa wa maji namba 600, 800 na 1000, karatasi mbili kila namba, tepu ya karatasi, spiriti, na kliya (rangi angavu ya kumalizia) ya kopo yenye hadina, yaani kigumishi, yake ndani, ile unayobonyeza kitufe chini ya kopo kabla ya kupuliza. Kopo moja linatosha taa zote mbili na linabaki.

Zungushia tepu kwenye boneti, fenda na bampa, mara mbili, maana msasa ukiteleza unakula rangi. Loweka msasa kwenye maji yenye tone la sabuni ya vyombo. Anza na 600 kama tabaka linabanduka, au 800 kama ni umanjano tu. Sugua kwa kwenda na kurudi upande mmoja huku ukimwagia maji, na angalia maji yanayoshuka: yakiwa ya njano, tabaka la zamani bado linatoka. Yakigeuka meupe kama maziwa, umefika kwenye plastiki yenyewe. Usibadilishe namba kabla ya hapo. Wengi wanakwama hapa: wanaacha visiwa vya tabaka la zamani, na kliya ikishakauka kila kisiwa kinaonekana na mpaka wake.

Namba inayofuata sugua kukatisha mikwaruzo ya kwanza, ili ujue lini imeisha. Ishia 1000. Taa itakuwa na ukungu mweupe sawasawa kila mahali na utadhani umeharibu. Usiipolishi! Kliya inajaza mikwaruzo hiyo na inahitaji kitu cha kushikia. Ukiing'arisha kwanza itabanduka kama ganda.

Osha, kausha, futa kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi. Petroli na thina usiguse kabisa, vinatia polikaboneti nyufa ndogondogo zisizotoka. Puliza mkono wa kwanza mwembamba, subiri dakika kama kumi, kisha mikono miwili iliyolowa vizuri. Kwa Tanga fanya asubuhi umande ukishakauka. Kukiwa na unyevunyevu mwingi kliya inaweza kupauka nyeupe, na jua la saa saba linaikausha kabla haijatandaa, unapata uso wa ganda la chungwa.

bonde_garage

Mkuu hapo juu kaeleza vizuri ila kasahau jambo kubwa. Kliya yenye hadina ina isosayaneti, kemikali inayoumiza mapafu. Barakoa ya kitambaa au ile ya hospitali haizuii mvuke wake. Inatakiwa ile ya raba yenye filta za mkaa, glovu, miwani, na uwanja wa wazi, watoto wakae mbali. Ukiweka bei ya barakoa, hesabu ya laki mbili inabadilika.

Asiyekuwa nayo apite njia nyingine: baada ya 1000 aendelee 1500, 2000, 3000, kisha kompaundi (krimu ya kung'arishia) kwa kitambaa laini mpaka ing'ae, na amalizie kwa nta ya gari, airudie kila mwezi. Haitadumu kama kliya, lakini haikuumizi mapafu. Au abandike filamu angavu ya kukinga rangi, ambayo ikichoka unaichuna na kuweka nyingine. Kliya ya kopo isiyo na hadina mimi siishauri kwenye taa, inageuka njano na kuchanika haraka, halafu unaanza upya na msasa.

Bampa sasa. Angalia nyuma ya plastiki utakuta alama PP. Hiyo ni polipropilini, na rangi haipendi kushika juu yake. Una njia tatu.

Ya bure kabisa ni kupaka dizeli au oili chafu. Achana nayo. Inakuwa nyeusi siku ile, kisha inakusanya vumbi, na mvua ya kwanza inaacha michirizi.

Ya pili ni joto. Mashine ya hewa ya moto wanayotumia wabandika tinti unaweza kuazima. Ishike sentimita tano hadi nane kutoka kwenye plastiki, usitulie sehemu moja, na utaona kijivu kinageuka cheusi mbele ya macho yako. Ukisimama sekunde chache zaidi, vile vinundu vya plastiki vinalainika na pale panabaki na doa linalong'aa milele. Kinga rangi ya fenda iliyo jirani kwa kadibodi. Weusi huu ni wa miezi tu, maana hujaongeza kitu, na kila unaporudia matokeo yanapungua.

Ya tatu ndiyo ningeitolea pesa: rangi nyeusi isiyong'aa ya bampa, juu ya praima ya plastiki, yaani rangi ya msingi ya kushikia. Kazi yote iko kwenye kuosha. Bampa ya gari linaloenda kuoshwa kituoni imepakwa ile dawa ya kung'arisha tairi mara nyingi, nayo ina silikoni. Sugua kwa brashi, maji ya moto na sabuni ya vyombo, suuza, kisha mwagia maji. Yakijikusanya matonematone, silikoni bado ipo, rudia. Yakitandaa kama shuka, umemaliza. Silikoni ikibaki, rangi inajitenga na kuacha vijishimo kama macho ya samaki, na hakuna mkono wa pili utakaovifunika.

Halafu sponji ya kukwaruza ya kijivu, spiriti, praima mkono mmoja mwembamba sana, rangi mikono mitatu. Makopo mawili ya ml 400 kwa bampa zote mbili. Usipake nene ili ujaze haraka, vile vinundu vikizama bampa inaonekana imepakwa kwa brashi ya nyumba.

kona_ya_raskazone

Asanteni sana, barakoa naitafuta. Rimu lazima nitoe tairi? Na stika nizitoe vipi bila kuchuna rangi? Kuna mtu kaniambia nifunike paa lote kwa stika nyeusi ya kaboni.

msasa_maji

Stika: pasha kwa mashine ya kukaushia nywele, inua kona kwa kadi ya plastiki, kisha vuta taratibu ukiilaza nyuma, usiivute kuja kwako. Gundi inayobaki ilainishe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, osha kwa sabuni mara moja. Kivuli cha herufi kikibaki, kompaundi kwa mkono inakipunguza. Kama kuna mchubuko unaotaka kugusishia, usimwambie muuza rangi "nyeupe ya Toyota" tu. Zipo zaidi ya moja, 040 na 058 kwa mfano hazifanani. Soma namba ya rangi kwenye kibati cha utambulisho cha gari.

Paa la kaboni mimi napinga. Si ushamba, ni jua. Karatasi ya bei rahisi ya mabango hujikunja kingo, inakauka na kukatika vipande ukiibandua, na gundi yote inabaki juu. Filamu nzuri ya gari itakula bajeti yako nzima. Na ukija kufikiria kubadili rangi ya gari zima, kumbuka rangi imeandikwa kwenye kadi ya gari.

bonde_garage

Tairi huna haja ya kuitoa kwenye rimu. Toa gurudumu, punguza upepo kidogo, chomeka karata za kuchezea kati ya tairi na ukingo wa rimu, zikipandana kidogo kuzunguka duara lote. Pakiti moja inatosha gurudumu moja na zinatumika tena.

Kutu: brashi ya waya, msasa 80 mpaka uone chuma, kisha 240 kulainisha. Kwenye vishimo vyeusi visivyofikika paka dawa ya kugeuza kutu na uiache ikauke kama kopo linavyosema. Praima ya chuma mikono miwili, rangi mitatu. Nyeusi au kijivu cha bunduki huficha vumbi la breki, fedha haifichi. Matundu puliza kwanza kwa pembeni, uso mwisho, ukifanya kinyume unapata machozi ya rangi.

Sehemu mbili zisipate rangi: uso wa nyuma unaokaa kwenye habu (kitovu kinachoshika gurudumu), na viti vya nati, pale nati zinapokalia rimu. Ziba kwa tepu. Rangi nene pale husagika gari likitembea, nati zinabaki zimelegea ingawa ulikaza. Acha rimu zikauke usiku mzima, kaza nati kwa mpangilio wa msalaba, moja kisha inayoikabili, gari likiwa chini, newton-mita 103 kama una toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) ya kuazima. Ukishatembea kilomita 50 hivi, zikaze tena.