Kobe wa kisimani na msimamizi wa mizani

Wakuu, ile hadithi ya Kobe aliyemnasa Sungura kisimani ina la kumfaa msimamizi mpya wa ghala la korosho la AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), Masasi? Vijana wa mizani ni wajanja.

Jibu: Sana. Walinzi wa kisima waliotangulia walihongwa asali na Sungura, mwizi wa maji. Kobe hakubishana, alipakwa ulimbo (gundi ya miti) gambani akatulia, Sungura akanata. Ulimbo wako ni utaratibu: mizani irudi sifuri kila gunia, uzito usomwe kwa sauti mkulima akiona, uandikwe papo hapo. Ukisubiri jioni, kilo zinayeyuka.

Jibu: Anayepima asiandike. Na uzito wa gunia tupu utolewe kwenye uzito wote.

Jibu: Msisahau unyevu! Korosho zisizoanikwa vizuri zinaota ukungu ghalani. Pasua chache kabla ya kupokea; kiini cheusi, rudisha, hata za mjomba wako.