Mama anakuja London wakati wa baridi: nimpeleke bustani ya Kew au ni hasara?

MwanaPongwe
Wakuu, habari za humu. Mama yangu mzazi anakuja kutoka Tanga mwishoni mwa Januari, atakaa nami Croydon hadi katikati ya Machi. Ni mkulima tangu usichana wake, ana michungwa, minazi na kishamba cha pilipili manga, na akiona mche asioujua hapiti bila kuuliza. Nimewaza kumpeleka bustani ya mimea ya Kew. Kazini wananiambia majira haya ni kulipa kiingilio ili ukaangalie vijiti vitupu. Kumwambia aje Mei siwezi, mambo ya viza na nauli mnayajua. Kuna cha kuona kweli? Na ana goti linalomsumbua, baridi ataiweza?

BintiMuheza
Ndugu yangu, mpeleke, tena siku ya kazi asubuhi. Mimi ni nesi, naishi karibu na Kew, nina kadi ya mwaka na hupitia humo nikitoka zamu ya usiku. Nimeiona bustani ile majira yote. Kwa mtu wa kwetu, Februari inaishinda Julai. Julai ni foleni na watoto wa shule, na joto la ndani huwezi kulihisi kwa sababu hata nje kuna jua.

Ingieni kwa Victoria Gate, si mbali na stesheni ya Kew Gardens, muende moja kwa moja Palm House. Ni jengo la chuma na vioo la miaka ya 1844 hadi 1848, na ndani mna joto na unyevunyevu wa msituni mwaka mzima. Kama mama anavaa miwani itaingia ukungu pale pale mlangoni, mpe muda aifute. Mvue koti. Kisha muache atangulie yeye. Atakuta migomba, mibuni, mikakao, michikichi, na hiyo pilipili manga yake imeparamia vilevile kama shambani. Mwonyeshe pia lile ua la rangi ya waridi lenye petali tano ambalo pwani tunalipanda uani na makaburini. Asili yake ni Madagaska, na kwenye mmea huo ndimo zilimopatikana vincristine na vinblastine, dawa za saratani. Vincristine inatumika kutibu watoto wenye saratani ya damu. Nimefanya kazi wodi ya watoto, kwa hiyo pale sipiti haraka.

Msitoke kabla hamjaona Encephalartos altensteinii, ndugu wa mtapo wetu wa pwani. Francis Masson, mkusanya mimea wa Kew, aliuleta kutoka Afrika Kusini mwaka 1775, upo ndani ya chungu, shina limelala na kuegemezwa nguzo. Mmea ule una umri mkubwa kuliko jengo linaloutunza. Mama akisikia hilo atataka kujua unamwagiliwaje na udongo wake unabadilishwaje, jitayarishe.

Kutoka hapo nendeni Princess of Wales Conservatory, iliyofunguliwa 1987. Mna hali ya hewa kumi tofauti chini ya paa moja: unafungua mlango unatoka jangwani, unaingia kwenye mvua. Kila mwaka, kuanzia Februari, hufanyika humo maonyesho ya okidi. Temperate House ni kubwa zaidi na inapendeza, ila humo wanazuia jalidi tu, hawapashi joto la pwani. Koti libaki mwilini.

Sasa hivyo vijiti vitupu. Mkulima ndiye wa kuvionyesha! Mti ukiwa na majani unaona kivuli chake tu. Ukiwa mtupu unaona ulipokatwa, ulipopona, tawi gani limeachwa na kwa nini. Wazungu wengi wanapita bila kutazama, mama atasimama. Kuna miti ina magome meupe kama chokaa, na mingine gome linang'aa rangi ya shaba. Na kuna Hamamelis, inachanua njano na chungwa kwenye matawi yasiyo na jani hata moja. Jalidi likizidi petali zake zinajikunja, joto likirudi kidogo zinajikunjua. Harufu yake utaisikia kabla hujauona mti.

Babu_wa_Reading
Dada hapo juu anaipenda baridi, namheshimu, lakini tusimdanganye kijana. Waterlily House majira hayo hufungwa, na yale majani makubwa ya yungiyungi yanayoelea majini ndiyo wajukuu zangu wanayoyafuata. Maua ya bluebell yanatandaza buluu chini ya miti mwishoni mwa Aprili na Mei. Oktoba majani yanageuka mekundu. Kijana, mpeleke mama, lakini mwambie wazi kwamba ameona robo ya mwaka.

BintiMuheza
Shikamoo babu. Bluebell siyapingi. Ila mama anaondoka katikati ya Machi, na kabla ya hapo, tangu mwisho wa Februari, kuna zile krokasi za zambarau na nyeupe zinazotoka kwenye nyasi. Akichagua wiki hiyo anapata na okidi.

Sigi_Juu
Mimi niko Tanga. Je, mama amewahi kufika bustani ya mimea ya Amani, huku milimani Usambara? Wengi wetu tunaijua kwa jina tu. Wajerumani waliianzisha 1902 kujaribia mimea ya biashara, na miti waliyoileta toka mabara mengine bado imesimama milimani, bila kioo wala tiketi ya treni. Huku hakuna baridi ya kuua majani, kuna masika. Machi hadi Mei barabara ya kutoka Muheza inateleza vibaya, nendeni Agosti au Septemba. Na yale maua ya zambarau ya vyungu yanayouzwa Ulaya nzima, Saintpaulia, yametoka misitu hii hii. Baron Walter von Saint Paul-Illaire aliyapeleka Ujerumani 1892. Mnunulie mama chungu kimoja akiweke dirishani Croydon. Porini yanapungua kwa sababu msitu unakatwa, nayo yanataka kivuli na mwamba wenye unyevu.

MwanaPongwe
Nimewasikia nyote, asanteni. Amani hajawahi kufika, nitapanga nikija likizo. Swali la mwisho: kutembea?

BintiMuheza
Viti vya magurudumu vinaazimwa bure, ila weka nafasi mapema. Njia zimesakafiwa, mabenchi yapo. Zile ngazi za chuma za mzunguko ndani ya Palm House aziache. Kiingilio huwa nafuu Novemba hadi Januari, na kama kuna anayepokea Universal Credit (msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo) nyumbani analipa pauni 1. Nyumba za vioo hufungwa kabla ya geti, kwa hiyo zianzeni hizo, nje baadaye.