Unahamia Kisumu na huna mwenyeji: mtaa uliuchaguaje? Tupeane uzoefu

MwalimuMhamaji
Wana jamvi, salamu. Barua ya uhamisho imetoka, muhula ujao naripoti shule moja upande wa Kajulu. Nakuru nimezaliwa, Nakuru nimeolewa, Kisumu huwa napita tu nikiwa ndani ya basi. Nina mtoto wa miaka minne na mwingine ananyonya. Wakala amenitumia picha za nyumba Nyamasaria, Migosi, Mamboleo na Nyalenda. Zote zimepakwa rangi zinang'aa na kodi hazipishani sana. Msiniambie tu mtaa fulani ni mzuri. Aliyeishi aseme yaliyomkuta.

BodaKondele
Kondele, mama. Hulali njaa. Saa nne usiku unapata samaki wa moto, sukuma iliyokatwa, duka la dawa liko wazi. Hospitali ya rufaa ya Jaramogi iko pua na mdomo. Mtoto akipata homa usiku hutafuti gari.

TuliaMilimani
Kondele na mtoto anayenyonya? Uchaguzi wa 2017 dada yangu alikuwa anakaa huko. Moshi wa vitoa machozi uliingia mpaka chumbani, tukaziba chini ya mlango kwa nguo mbichi na watoto tukawalaza sakafuni. Siasa ikichacha Kisumu, moto huanzia Kondele.

BodaKondele
Hizo ni siku za kuhesabu katika miaka mitano. Siku zilizobaki nani anauza, nani anapika, nani anabeba wagonjwa? Kondele ni watu wanaofanya kazi. Wewe uko Milimani chini ya miti mikubwa, mwalimu ataiweza kodi ya huko?

TuliaMilimani
Sijamwambia aje Milimani. Nimesema yaliyomkuta dada yangu, na ndiyo aliyouliza.

NesiWaZamu
Mwalimu, nimeona neno Nyalenda nimeshindwa kunyamaza.

Nilipanga Nyalenda B, ule upande wa chini unaoteremka kuelekea Ziwa Victoria. Niliingia Januari, ardhi kavu, udongo mweusi umepasuka nyufa unaingiza mkono. Chumba safi, vigae vipya, ukuta umepakwa rangi ya maziwa. Ila kutoka chini mpaka usawa wa goti rangi ilikuwa mbichi kuliko ya juu, kama imepakwa wiki hiyo. Keateka, yule mwangalizi wa nyumba, akaniambia ni watoto wa mpangaji aliyetoka walichorachora. Aliyajua ya ukuta ule na alinyamaza kwa sababu mwenye nyumba alitaka dipoziti.

Hiyo ilikuwa 2020. Masika yakaja, na ziwa nalo lilikuwa limefura kupita hata rekodi ya 1964 wanayoisimulia wazee. Kwa kawaida maji ya mvua yanapita mtaroni yanaenda zake. Mwaka ule hayakuwa na pa kwenda, ziwa limejaa, mitaro imejaa, yakarudi kwetu. Usiku nilishtushwa na mgongano, ko, ko, ko. Ni mtungi tupu wa manjano unaelea, unagonga mguu wa kitanda. Nikashusha mguu, maji mpaka kwenye pindo la nguo, na harufu ikanieleza mengine: vyoo vya shimo vya ploti nzima vilikuwa vimefurika vimechanganyika humo. Chumba cha mwisho kulikuwa na mzazi ana siku chache tangu ajifungue. Kijana wa boda alimtia mtoto kwenye karai, akalibeba kichwani, mama anamfuata ameshika shati lake kwa nyuma. Mimi nilitangulia kuzima umeme kwenye mita, maana soketi ziko chini na watu wanapiga kelele wanakanyaga maji. Jaduong' mmoja, mzee wa ploti, aliyepooza miguu alitolewa juu ya mlango uliong'olewa.

Wiki zilizofuata nilikuwa nawaona majirani zangu kazini, kuhara, watoto macho yameingia ndani. Mwenye nyumba akapiga simu kuuliza kodi.

Nyalenda ina watu wema kupita kiasi, na upande wa juu huko hakuna shida hiyo. Ninachosema ni hiki: tazama ukuta chini, usitazame juu. Tazama vizingiti vya majirani. Ukiona kila mlango umejengewa kizuizi cha saruji, au magunia ya mchanga yamebaki yameegemea ukuta, hao wanajua kitu. Na ukiona mafunjo yameota karibu, hapo maji ni ya nyumbani. Nyamasaria iulizie vilevile, mto wa huko ukijaa hauna adabu.

Atoti
Pole sana dada. Mtoto wa kwenye karai alipona?

NesiWaZamu
Alipona, yuko shule sasa. Dipoziti yangu ndiyo haikupona.

KeatekaMstaafu
Msitulaumu sote. Wengine tuliwaambia wapangaji ukweli tukafukuzwa kazi.

NesiWaZamu
Basi wewe nakuheshimu. Yule hakusema.

MzeeWaMenengai
Msifikiri ni Kisumu peke yake. Ziwa Nakuru limekuwa likipanda tangu miaka ya 2010 na kitu, lango kuu la zamani la mbuga likamezwa. Kule Mwariki na Baruti watu waliona mashamba yanageuka ziwa wakiwa na hati mkononi. Nyumba ya shemeji yangu mpaka leo ni paa tu.

OmeraWaMigosi
Na meno je? Mwalimu, ukija Kisumu wanao watakuwa na meno meupe. Huko Nakuru mnakunywa maji ya visima mpaka meno yanakuwa ya kahawia.

MzeeWaMenengai
Kijana, hayo ni madini ya floraidi kwenye miamba ya Bonde la Ufa, hayahusiani na uchafu. Meno ya mtoto huharibika yakiwa bado yanajijenga ndani ya ufizi, kwa hiyo mkubwa akihamia Nakuru meno yake hayabadiliki. Wanaohamia huku waandike hili: kuchemsha hakuyaondoi, kunayazidisha, kwa sababu maji yanapungua na floraidi inabaki. Wape watoto maji ya mvua, au chujio la mkaa wa mifupa. Nanyi huko mna malaria, kila mtu na lake.

NesiWaZamu
Kwa malaria mzee amesema kweli, na mwalimu hili likuhusu sana. Watoto wa Nakuru wanafika huku miili yao haijawahi kupambana nayo, wanaugua vibaya kuliko wenzao. Chanjo ya malaria ilianza kutolewa Septemba 2019 kwenye kaunti za huku magharibi, Kisumu ikiwemo, dozi ya kwanza miezi sita na ya mwisho miaka miwili. Kijitabu cha kliniki cha Nakuru hutaikuta humo. Mtoto anayenyonya mpeleke kliniki wiki ya kwanza ukifika, uliza hilo kabla hata hujatandika zulia. Na chandarua, hata dirisha likiwa na wavu.

FundiBomba
Migosi hapana baya, lakini maji. Usiulize "maji yapo?" kila mtu atajibu yapo. Fungua bomba mwenyewe, halafu hesabu mitungi ya manjano iliyopangwa nje ya milango. Ikiwa mingi na imefunikwa vizuri, ujue bomba ni pambo. Angalia na tangi la juu kama lina bomba la kuingiza, mengine yamewekwa kuvutia wapangaji.

OmeraWaMigosi
Mimi niko Migosi na maji napata.

FundiBomba
Uko karibu na bomba kubwa. Nenda mtaa wa nyuma yako.

Mama Mapacha
Nenda kuangalia nyumba saa nane mchana. Kisumu mabati bila dari ni tanuri.

Atoti
Nenda usiku, usikie baa ziko wapi.

JiraniMwema
Chukua bedsita, chumba kimoja tu, mwezi mmoja kwanza, uujue mji, ndipo ulete familia.

Mama Mapacha
Kuhama mara mbili na mtoto mchanga? Lori mara mbili, dipoziti mara mbili? Hapana. Aende kanisani Jumapili moja tu, akina mama watampa habari za mtaa mzima kabla sadaka haijapita.

MwalimuMhamaji
Asanteni, dada nesi hasa. Nimemwambia wakala anipigie picha ya ukuta wa nje ile nyumba ya Nyamasaria, kuanzia chini. Amesoma, hajajibu. Nyamasaria nimeitoa. Jumamosi nakuja kuona Mamboleo na Migosi kwa macho yangu, kijitabu cha kliniki nimeshakiweka kwenye mkoba. Mamboleo mvua ikinyesha barabara za ndani zinapitika?

BodaKondele
Kwa boda zinapitika, kwa tuktuk omba Mungu ukitoka nje ya lami. Ukishuka stendi niandikie, nakuzungusha kote. Kondele tutapita ni njiani, uione mwenyewe.

RadiNaMvua
Mimi naenda Kakamega, Amalemba au Lurambi?

Atoti
Popote, lakini uliza kama jengo lina kinga ya radi. Kakamega radi haipigi hodi.